Faida ya Nne Haikuhubiriwa

Newport, siku ya tisa ya mwezi wa tatu, 1664

Kwa kaka yangu Barnabas Tolley, mpiga chapa, Bristol

Kaka yangu mpendwa,

Amani ikukute wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Mguu wako uliokuwa umevimba unaendeleaje? Na shemeji, kile kifua kimemwachia, au bado mnamkanda kwa mafuta ya bata? Sisi huku tumetoka kwenye baridi tukiwa kamili. Ghala bado lina mahindi, ng'ombe mwekundu amezaa, na mapipa yangu yananunuliwa hata na watu wasiotaka kunisalimia. Mimi mwenyewe siumwi chochote isipokuwa hasira, na hiyo unajua nilizaliwa nayo.

Najua unachotaka kusikia kwanza, basi nisikucheleweshe. Mdogo wetu Thomasin yuko hai, yuko huru, na hana jeraha hata moja. Barua yangu ya mwisho ilikuacha na habari kwamba amefungwa Stonewick, ng'ambo ya mpaka kwa wale wanaotuwinda kwa ajili ya imani yetu, kwamba ni kosa lake la tatu, na kwamba sheria ya watu wale kwa kosa la tatu la kukufuru ni ulimi kutobolewa kwa chuma cha moto, kisha kuchapwa mijeledi nyuma ya mkokoteni katika miji mitatu. Tangu mfalme awaandikie waache kutuua, kamba ya kunyongea imepumzika. Chuma na mjeledi havijapumzika. Lakini Thomasin hawakumgusa. Tumeshinda, kaka! Tumewashinda ndani ya mahakama yao, kwa daftari lao, kwa kinywa cha mtu wao. Vuta kiti nikueleze.

Siku ya Kwanza moja, ile wao wanayoiita Jumapili, baridi ikiwa kali kuliko zote, Thomasin aliingia katika nyumba yao ya ibada, akaketi nyuma kabisa upande wa wanawake. Mchungaji wao, Adoniram Stroud, alihubiri juu ya waliofungwa kufunguliwa. Mahubiri yakaisha, sala ikaisha. Ndipo Thomasin akasimama akauliza swali moja tu: kama Kristo anawafungua waliofungwa, je, funguo za gereza la mji huu zimo mfukoni mwa nani? Wakati ule Marafiki wawili, watu wa imani yetu ambao wao wanawaita Watetemekaji kwa dhihaka, walikuwa wamefungwa humo, na funguo zilikuwa mfukoni mwa Philemon Yarde, askari jela, aliyeketi benchi ya pili kutoka mbele. Watu wote wakageuka kumtazama Yarde. Thomasin anasema shingo yake iligeuka rangi ya kiazi sukari.

Kuuliza baada ya sala si kosa, hata kwao. Ni desturi yao ya zamani. Lakini siku mbili baadaye Yarde na majirani zake wawili walikuwa wameshika Biblia mbele ya hakimu na kuapa kwamba Thomasin alimkatiza mchungaji katikati ya mahubiri, akapaza sauti kwamba Biblia ni karatasi ya shetani. Hilo ni kosa la chuma.

Niliposikia nilifunga karakana, nikavuka mpaka na mapipa manne mgongoni mwa punda ili nionekane mfanyabiashara. Nilimkuta hakimu, Elnathan Brode, akinywa supu. Nilimwambia kwamba Marafiki wengine wawili walikuwa wameketi karibu na Thomasin na walisikia kila kitu. Akaniuliza kama wataapa. Nikamjibu kwamba anajua vizuri sisi hatuapi, kwamba Bwana wetu alikataza, na kwamba ndiyo yetu ni ndiyo. Akapangusa ndevu. Akasema ndiyo yetu anaweza kuipaka kwenye mkate akaila, mahakama yake inasikia viapo. "Niletee mtu anayeapa, Tolley. Tena uvue kofia ukiongea na mimi." Sikuivua; sisi hatumvulii mwanadamu kofia. Askari wake aliivua kwa kofi.

Unaliona fundo lenyewe, kaka. Mwongo anayeapa anasikilizwa, na mkweli asiyeapa ni bubu. Shahidi yeyote wa kumwokoa Thomasin ilibidi atoke upande wa wale waliotaka aungue.

Karani wao, nikimtendea haki, ni mtu wa utaratibu. Aliniruhusu kusoma viapo vyote vitatu nikiwa nimesimama dirishani pake. Hapo ndipo nilipokukumbuka. Nilipokuwa nakupangia herufi pale Bristol ulinifundisha jambo moja: ukitaka kujua kama vitabu viwili vimenakiliwa kimoja kutoka kingine, usitazame mahali vilipopatia, maana ukweli watu wawili wanaweza kuufikia kila mmoja kwa njia yake. Tazama mahali vilipokosea pamoja. Basi nikasoma nikitafuta kosa. Viapo vilifanana kama mayai ya kuku mmoja. Vyote vitatu vilisema Thomasin alipiga kelele "katika faida ya nne, mchungaji alipokuwa akiifananisha dhambi na kutu iliyokula kufuli." Faida ndilo jina wanaloliita kila fungu la mafunzo mwishoni mwa mahubiri. Watu watatu, mfano mmoja, maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Mji mzima ulikuwa ukisema mashahidi ni watatu. Mimi nikaona kisima kimoja na ndoo tatu.

Nikaenda nyuma ya gereza, ambako ukuta una ufa wa kuingiza vidole, nikamuuliza Thomasin kuhusu ile faida ya nne. Akaniuliza faida gani. Alisema Stroud alikuwa na mafua, kwamba sauti ilimkauka akiwa kwenye faida ya tatu, akabaki anafungua na kufunga mdomo kama samaki kwenye sakafu ya mashua, mwishowe akainua mikono na kuongoza sala kwa kunong'ona. Kisha akaniambia niache kulia kwenye ufa kwa sababu maji yalikuwa yanamdondokea. Sikuwa nalia. Ilikuwa theluji inayeyuka kwenye kofia.

Sasa, kaka, wewe umekaa mbali na watu hawa miaka mingi, kwa hiyo nikukumbushe wanavyosikiliza mahubiri. Wanaandika. Mkulima, mshona viatu, mjane, kila mwenye mikono miwili ana daftari gotini, na mchungaji akitamka andiko, fundisho, kisha faida ya kwanza, ya pili, ya tatu, wao wanakwangua karatasi kama panya ghalani. Jioni baba wa nyumba anawasomea watoto na watumishi alichoandika. Asiyeandika anahesabiwa mvivu wa roho. Na aliyepitwa na sehemu anakwenda kwa mchungaji kuazima karatasi zake ajazie mapengo. Nimewadhihaki kwa desturi hiyo katika vijitabu vyangu viwili, ulivyovipiga chapa wewe mwenyewe. Leo nasema Mungu aibariki. Nilielewa palepale: Yarde hakuandika chochote siku ile. Aliazima karatasi za Stroud, akanakili faida zote nne kama zilivyoandaliwa, kisha akachagua mahali pa kumpachika Thomasin. Akapachika ndani ya maneno ambayo hayajawahi kutamkwa.

Kujua ni kitu kimoja. Kupata daftari la mtu aliyeandika kweli, na ambaye ataapa, ni kitu kingine. Nyumba sita zilinifungia mlango. Mwanamke mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo, yakaganda kwenye koti. Ya saba ilikuwa ya Bi Keturah Lathbury.

Huyu ni mjane wa miaka sabini na kitu, na hakuna mtu Stonewick anayetuchukia kama yeye. Aliwahi kuomba, kwa maandishi, kwamba Marafiki wote wapelekwe kisiwa kisicho na maji. Aliponiona mlangoni alisema, "We mwenye kofia, ukiingia na hilo shetani lako lipanguse miguu." Nikaingia. Alikuwa anachemsha maharage. Aliniambia ananichukia kuanzia kisigino hadi utosini, na kama nimekuja kumbembeleza nianze kurudi nilikotoka.

Sikumbembeleza. Nilimwambia nimekuja kumpa pole, maana nimesikia uzee umemwingia na sasa analala ibadani.

Kaka, kijiko kilisimama hewani. Unajua kwao kulala ibadani ni nini. Kuna mzee anazunguka na fimbo ndefu kuwagonga wanaosinzia, na aliyegongwa anatajwa mwezi mzima. Bi Keturah akaniuliza ni mbwa gani aliyesema hivyo. Nikamjibu kwamba Yarde na wenzake wameapa kwamba Stroud alihubiri faida nne siku ile, na kwamba kama daftari lake lina tatu, basi ya nne ilimpita akikoroma. Akasema, "Nne? Nne za nani?" Akaenda kwenye sanduku. Humo alikuwa na madaftari ya miaka kumi na minane, yamefungwa kwa uzi, hakuna ibada iliyokosekana, hata ya siku aliyomzika mumewe. Akalitoa la mwisho, akalifungua juu ya meza kwa kishindo, akaweka kidole.

Nikasoma. Aliandika kwa penseli, mwandiko unatetemeka kwa baridi: "Faida ya tatu. Hapa sauti imemwisha mchungaji. Hakuendelea. Sala fupi. Kisha mwanamke Mtetemekaji aliyekaa nyuma akauliza funguo za gereza zimo mfukoni mwa nani. Swali la kipumbavu. Nimesikia baridi sana miguuni."

Swali la kipumbavu! Sijawahi kuona maneno matamu kama hayo. Umewahi kuona kitu cha kuaminika zaidi, kaka? Rafiki akiandika kwamba Thomasin aliuliza kwa upole, mtu anaweza kusema amempendelea. Lakini huyu anamwona mpumbavu, anamtakia kisiwa kisicho na maji, na bado ameandika kwamba alisubiri sala iishe. Mkono unaoandika kinyume na kiu ya mwandishi wake, huo ndio wa kuuamini.

Nikamuuliza kama ataapa. Akasema ataapa mara nne, moja kwa kila faida na moja ya ziada kwa ajili ya Yarde. Kisha akanipa bakuli la maharage, akasisitiza kwamba si kwa upendo.

Siku ya kesi nyumba ya mahakama ilijaa hadi ngazini. Thomasin aliletwa amefungwa mikono, amekonda, ananuka jela, akanikonyeza. Yarde na wenzake waliapa tena, na safari hii walileta madaftari yao yaonekane: mahubiri yote, faida nne, kwa wino mweusi safi. Brode aliyapekua akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaitwa Bi Keturah, na nilisikia Yarde akimnong'oneza jirani yake kwamba bibi huyu sasa atawapashia chuma moto mwenyewe.

Aliapa. Akasoma. Mwendesha mashtaka akamuuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtoto, je, haiwezekani mama kwamba usingizi ulikupitia? Bi Keturah hakumjibu yeye. Alimgeukia Yarde akamwambia aulete huo wino wake, maana siku ile maji yaliganda kwenye bakuli la ubatizo na kila mwenye akili aliandika kwa penseli. "Wewe wako ulikuwa unachemka, Philemon? Au ulikuwa umeukalia kama kuku?" Watu walicheka, kaka, walicheka hadi Brode akagonga meza. Jirani mmoja wa Yarde alianza kutazama dari.

Ningependa barua hii iishie hapo, na mimi nimesimama pembeni nimevaa kofia yangu. Lakini sasa nimefika mahali ambapo kalamu yangu inagoma, na wewe ni mtu wa mwisho duniani ambaye ningetaka asome haya, na wa kwanza ambaye lazima ayasome.

Mwendesha mashtaka hakuwa amekwisha. Alisema daftari hilo limepotoshwa. Kwamba mimi nilionekana nikiingia nyumbani kwa mjane na kula chakula chake. Kwamba mtu wa aina yangu anaweza kumwekea bibi mzee maneno hata kwenye penseli. Kisha akatoa mfukoni kijitabu. Kilikuwa chetu, kaka. Kile ulichopiga chapa mwaka juzi, ulichoniandikia kwamba watu wa Bristol walikisoma wakilia, hasa ukurasa wa saba. Akausoma kwa sauti. Ukurasa unaosema kwamba Rafiki yetu Humfrey Dane alipotobolewa ulimi, ni Adoniram Stroud mwenyewe aliyeshika chuma, akicheka. Akaniuliza mbele ya wote: ulikuwapo? Uliona?

Stroud alikuwa ameketi mbele yangu, amefunga shingo kwa kitambaa cha sufu. Asubuhi nzima hakuwa amefungua mdomo. Nikamtazama, nikamtazama Thomasin. Nilijua nikisema niliona, hakuna mtu anayeweza kunikanusha, maana Humfrey amekufa. Na nilijua nikisema sikuona, naweza kumzika dada yangu kwa neno moja.

Nilisema sikuona. Nilisema habari ile niliipata kwa baharia mmoja hapa Newport, naye aliipata kwa mwingine. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mlango, nikatoa na kilichobaki: hata baharia yule hakusema Stroud alishika chuma. Alisema alikuwapo uwanjani. Mkono ule niliuweka mimi. Kicheko kile nilikiandika mimi, mezani kwangu, kwa sababu ukurasa ulikuwa umepoa na nilitaka uwake.

Ndiyo, Barnabas. Miaka miwili umekuwa ukiuza uongo wangu ukidhani unauza ushahidi. Nilimwita Yarde mpachikaji. Mimi nilipachika kabla yake.

Mwendesha mashtaka akageuka kwa hakimu kama mtu aliyekwisha kula, akasema basi, ameungama ni mwongo, daftari litupwe. Hapo Stroud akasimama. Sauti yake bado ilikuwa mbovu, ilibidi watu wasogee kumsikia. Alisema hakushika chuma siku ile. Alisimama pembeni na hakukizuia, na hilo atalijibu kwa Mungu wake. Alisema binti yake wa miaka kumi na miwili aliusoma ukurasa wa saba na tangu hapo hali chakula akiwa meza moja naye. Kwa hiyo alipoletewa viapo vya Yarde, na akaona vinataja faida ya nne, alijua ni vya uongo. Alijua, kaka, tangu siku ya kwanza! Akanyamaza, kwa sababu mshtakiwa alikuwa ndugu wa mtu aliyeandika ukurasa ule, na alitaka kuona nikilipwa. Lakini mtu huyu, alisema, amepewa nafasi ya kudanganya bila kukamatwa, na ameikataa. "Sikuhubiri faida ya nne. Yarde aliazima karatasi zangu nikiwa kitandani. Nipe Biblia niapie."

Akaapa. Brode akaamuru Thomasin afunguliwe na Yarde avuliwe funguo palepale, na viapo vitatu vichunguzwe kama viapo vya uongo. Funguo ziliwekwa mezani. Thomasin alizitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuuliza kitu.

Sasa nisikilize. Usidhani nimelainika. Watu wale wametuchapa, wametufukuza, wametunyonga wanne, na nitaliandika hilo mpaka mikono inishinde. Ulimi wa Humfrey Dane ulitobolewa kweli. Chuma kilikuwa cha kweli, moshi ulikuwa wa kweli, na mchungaji aliyesimama pembeni akatazama ni wa kweli. Hayo yalitosha kuwalaani mbele ya dunia nzima. Mimi nikaongeza kicheko, na kicheko kile kilimfunga mdomo mtu pekee aliyejua kwamba dada yetu hana hatia. Nilikaribia kumtoboa ulimi kwa kalamu yangu.

Kwa hiyo ung'oe ukurasa wa saba katika kila nakala iliyobaki dukani kwako. Najua utasema ndio unaouza kitabu. Ung'oe. Weka mahali pake kilicho ndani ya bahasha hii: nakala ya daftari la Bi Keturah, neno kwa neno, pamoja na ile baridi ya miguuni. Usimfanye kuwa rafiki yetu. Ameniagiza nikuambie kwamba bado anakitafuta kile kisiwa. Na utangaze wazi kwamba ukurasa wa zamani ulikuwa wa uongo na aliyeuandika ni mimi. Maadui watashangilia kwa mwezi mmoja. Waache. Baada ya hapo, tukisema wametuchoma, hawatakuwa na pa kushika.

Msalimie shemeji, wapwa zangu, na Marafiki wote wanaokutana kwenu, hasa yule mzee mpiga pasi anayepinga kila ninachoandika. Mwambie safari hii alikuwa sahihi, lakini asizoee. Watu wa nyumbani kwangu wanawasalimu. Thomasin anawasalimu zaidi ya wote. Ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akiwa na penseli mkononi, na amefuta sentensi mbili. Nilikuwa nimeandika kwamba alipofunguliwa, mahakama nzima ilisimama ikashangilia kama mawimbi. Anasema hakuna aliyeshangilia. Anasema watu walikohoa, wakavaa glavu, wakaenda nyumbani kula.

Ni kweli. Hivyo ndivyo tulivyoshinda.

Ndugu yako,
Jabez Tolley, fundi mapipa